Moyo wa mwanangu una tundu, na bado yuko tumboni

Shikamoo Mama,

Mimi nina miaka 28, naishi Newala. Nina mtoto mmoja wa miaka sita, mzima kabisa, na sasa nina mimba ya wiki 25. Wiki iliyopita nilikwenda kupiga ultrasaundi katika hospitali moja ya huku kwetu. Daktari alikaa muda mrefu sana sehemu moja. Anabonyeza, anasimamisha picha, anarudia tena. Mwishoni akaniambia moyo wa mtoto unaonekana una tundu, na mshipa mkubwa haujakaa sawasawa. Akaniandikia rufaa niende Mtwara mjini, na kutoka hapo huenda nikapelekwa Dar es Salaam. Kwenye karatasi kuna herufi VSD, halafu TOF, halafu alama ya kuuliza. Sikuuliza kitu, nilichukua karatasi nikatoka.

Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Mama mkwe anasema ni kwa sababu nilimfuata mume wangu shambani mwezi wa sita wakipuliza salfa kwenye mikorosho. Kesho yake anageuka, anasema huu ni mkono wa mtu, na kuna mzee anamfahamu atanipa dawa ya kunywa mpaka nijifungue. Jirani naye kanivuta pembeni, anasema kuna vidonge vya kushusha mimba, kuliko kuzaa mtoto wa kuteseka. Mume wangu hasemi zuri wala baya. Anasema tu tusubiri minada ya korosho ianze mwezi wa kumi, ndipo tutapata nauli ya Dar. Na mimi natarajia kujifungua mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja.

Kuna jambo lingine. Dada yangu tuliyezaliwa tumbo moja alizaa mtoto miaka minne iliyopita. Yule mtoto akilia sana midomo inakuwa ya bluu, analegea. Walisema ni degedege, akazungushwa kwa waganga, akafariki akiwa na miezi mitano. Sasa nawaza labda ni ugonjwa wa ukoo wetu.

Naomba unisaidie. Ni kosa langu? Mtoto ataishi? Nikienda Dar kuna faida gani, kama tundu lipo tayari na hawawezi kuliziba akiwa tumboni? Na dada yangu anataka kuzaa tena, afanye nini?

Mama Kijacho, Newala, katikati ya Agosti

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Maswali yako yote ni ya haki. Naanza na lile linalokunyima usingizi.

Salfa ya mwezi wa sita haikutoboa moyo wa mtoto wako. Tuhesabu pamoja. Kama sasa ni katikati ya Agosti na una wiki 25, hedhi yako ya mwisho ilikuwa kwenye wiki ya tatu ya Februari. Moyo wa mtoto huanza kudunda mimba ikiwa na wiki sita hivi, na ikifika wiki ya kumi, kuta zake, vyumba vyake na mishipa yake mikubwa vimekwisha kujipanga. Kwa hesabu yako hiyo ni mwanzoni mwa Mei. Ulipokwenda shambani mwezi wa sita, moyo ulikuwa umeshajengwa, pamoja na hiyo kasoro yake. Mhesabie mama mkwe miezi hiyo kwa vidole, kwa heshima, mbele ya mume wako. Kukaa mbali na dawa za shambani ukiwa mjamzito ni jambo jema kwa sababu nyingine, lakini hilo silo lililoleta haya.

Kuna mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro ya moyo: mama kuwa na kisukari tangu kabla ya mimba, kuugua rubela (ugonjwa wa homa na vipele) miezi ya mwanzo, baadhi ya dawa za kifafa, pombe, na historia ya familia. Lakini wanawake wengi wanaopata mtoto wa namna hii hawana hata moja kati ya hayo. Karibu mtoto 1 katika kila 100 wanaozaliwa duniani huja na kasoro ya moyo, kubwa au ndogo. Hakuna kosa lako hapo, wala la mume wako, na sioni sababu ya kumtafuta jirani wa kumtwisha.

Sasa turudi kwenye karatasi. Unaniandikia juu ya tundu, lakini mimi jicho langu limekwama kwenye ile alama ya kuuliza. Daktari aliyekupima amefanya kazi nzuri na ya uaminifu: ameona kitu, hana uhakika, ameandika kwamba hana uhakika, na amekupa barua umfikie mwenye uhakika. VSD maana yake kuna tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. TOF ni kasoro nne zinazokuja pamoja: tundu hilo hilo, mshipa mkubwa unaopeleka damu mwilini kukaa juu ya tundu badala ya upande wake, njia ya damu kwenda mapafuni kuwa nyembamba, na msuli wa upande wa kulia kuwa mnene kwa sababu unasukuma kwa nguvu. Hizo ni habari mbili tofauti, na safari zake baada ya kuzaliwa ni mbili tofauti. Kuna wanawake wengi wanaokaa nyumbani wakilia kwa sababu ya neno tundu, na hawajajua hata ni tundu lipi.

Likiwa ni tundu dogo peke yake, mengi hujifunga yenyewe mtoto anapokua, na mengine hubaki bila kumsumbua mwenye nalo. Likiwa kubwa, mtoto huzaliwa anaonekana mzima, halafu kati ya wiki ya nne na ya nane anaanza kuhema haraka, kutoka jasho akinyonya, na kutoongezeka uzito, kwa sababu damu nyingi mno inafurika mapafuni. Huyo anahitaji dawa, na kisha upasuaji, ikiwezekana kabla hajatimiza mwaka mmoja. Akiachwa miaka, mishipa ya mapafu hukakamaa, na inafika mahali hata daktari bingwa hawezi tena kuziba tundu hilo kwa usalama.

Ikiwa ni TOF, mambo yanategemea ile njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba kiasi gani. Wengi huzaliwa bila dharura, wakaja kubadilika rangi baadaye. Wachache njia imebana sana, na hao wanahitaji msaada siku zile zile za mwanzo. Upasuaji wa watoto hawa ulianza Baltimore, Marekani, mwaka 1944, na ule wa kurekebisha kasoro zote nne kwa pamoja ukafanikiwa mwaka 1954. Kwa hiyo ni ugonjwa ambao madaktari wameuzoea kwa miongo mingi, na wengi waliopasuliwa utotoni wamekua, wameoa na kuolewa, na wamezaa.

Ataishi? Siwezi kukuahidi, na ukimpata mtu anayekuahidi kabla ya kipimo kamili, mwogope. Katika nchi tajiri, watoto 9 kati ya 10 wenye kasoro za moyo, au zaidi, wanafika utu uzima, maana wanagunduliwa mapema na kupasuliwa kwa wakati. Huku kwetu hali si nzuri kiasi hicho, na sababu kubwa ni kwamba mtoto anafika kwa bingwa akiwa amechelewa, amekonda, mapafu yameumia, au hafiki kabisa. Zipo pia kasoro nzito, kama ile ya upande wa kushoto wa moyo kutokua, ambazo hata kwa wenye uwezo ni mapambano makubwa. Herufi zilizoandikwa kwenye karatasi yako haziko katika kundi hilo. Hilo naweza kukwambia.

Umeuliza faida ya kwenda Dar. Hapa nakuomba usome polepole, na mume wako asome pia.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Hewa safi anaipata kwenye kondo la nyuma, kutoka kwako. Kwa hiyo moyo wake una njia mbili za mkato ambazo watoto wote wanazo: tundu dogo kati ya vyumba vya juu, na mshipa mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na ule mkubwa wa mwili. Ndiyo maana mtoto mwenye kasoro kubwa anaweza kucheza vizuri tumboni, akazaliwa na kilo zake tatu, akalia, akanyonya. Halafu ule mshipa mfupi unajifunga, kwa kawaida ndani ya siku mbili tatu. Kwa mtoto mzima hiyo ni heri. Kwa mtoto ambaye damu yake ilikuwa inategemea njia hiyo, ndiyo saa anapogeuka rangi na kulegea, na wakati huo mama mara nyingi ameshapewa ruhusa yuko nyumbani. Ipo dawa, prostaglandini, inayoingizwa kwa dripu na kuuacha mshipa huo wazi mpaka mtoto afanyiwe upasuaji. Lakini lazima awepo mtu anayejua kwamba inahitajika, na dawa yenyewe iwe karibu.

Ufaransa walifuatilia watoto waliozaliwa na mishipa mikubwa miwili iliyobadilishana nafasi, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Kati ya 250 waliogunduliwa baada ya kuzaliwa, 15 walikufa kabla ya kufikishwa kwenye upasuaji. Kati ya 68 waliojulikana tangu tumboni, hakufa hata mmoja kabla ya upasuaji. Kasoro yao ilikuwa ile ile. Hakuna aliyezibwa kitu tumboni. Tofauti ni kwamba watoto hawa 68 walisubiriwa.

Ndiyo faida yake, mwanangu. Mtoto wako asubiriwe na watu wanaojua anakuja na nini.

Basi fanya hivi. Usisubiri mwezi wa kumi ili upate kipimo. Kipimo ni sasa. Nenda Mtwara mjini na barua yako, hospitali ya mkoa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, kulingana na ilivyoandikwa. Unachohitaji ni eko, yaani ultrasaundi maalumu ya moyo wa mtoto aliye tumboni, na inasomwa vizuri na bingwa wa moyo wa watoto. Mlango mkubwa wa mabingwa hao nchini ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, iliyoanza mwaka 2015. Kabla hujakata tiketi, mwombe daktari wa Mtwara awapigie simu, aulize siku ya kliniki na aseme wiki zako. Piga picha kila karatasi kwa simu. Safari ni zaidi ya kilomita 500, na si vizuri ufike uambiwe rudi Jumatatu.

Ukiwa mbele ya bingwa, usitoke kama ulivyotoka siku ile. Uliza kasoro inaitwaje, akuchoree hata kwa kalamu nyuma ya karatasi. Uliza kama mtoto atahitaji prostaglandini akizaliwa. Uliza kama kuna kiungo kingine chenye shida, au dalili za ugonjwa mwingine, kwa sababu baadhi ya kasoro za moyo huambatana na hali kama ya Down, ile ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili na ukuaji, na nyingine haziambatani. Na uliza swali hili moja kwa moja: nijifungulie wapi? Kama jibu ni tundu dogo tu, unaweza kurudi ukajifungulia huku kusini, hospitali yenye daktari, mtoto akaangaliwa baadaye. Kama jibu ni kwamba atahitaji msaada siku ya kwanza, ujifungulie Muhimbili, na uwe Dar wiki kadhaa kabla ya tarehe. Uchungu usikukute kwenye basi. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, magari yakakwama, na Novemba yako inaelekea kwenye mvua vilevile.

Kasoro ya moyo peke yake hailazimishi kujifungua kwa upasuaji. Wengi hujifungua kawaida. Wala usikubali kuharakishwa kuzaa kabla ya wakati bila sababu ya kitabibu, maana mtoto mwenye moyo mgonjwa anahitaji kilo zake na mapafu yaliyokomaa.

Kuhusu fedha, namwelewa mume wako. Mkulima wa korosho ana msimu wake, na mwezi wa nane mfukoni hamna kitu. Lakini nauli ya kwenda kupima ni tofauti na fedha za kukaa Dar Novemba, na hiyo ya pili ndiyo inayoweza kusubiri mnada. Kaeni mpige hesabu hizo mbili mbali mbali. Mjomba wako ashirikishwe. Huko kwenu akisema mjomba, watu wanasikiliza, na anaweza kukopa kwa heshima yake. Hospitalini uliza ofisi ya ustawi wa jamii mapema, kabla ya bili. Sera ya nchi ni kwamba wajawazito na watoto chini ya miaka mitano watibiwe bila malipo katika vituo vya umma, ingawa upasuaji wa moyo una gharama zake, na maofisa hao ndio wanaojua msamaha unaombwaje na ni lini timu za madaktari wa nje wanakuja kushirikiana na wenyeji kupasua watoto.

Nadhani ukimya wa mume wako ni woga. Mchukue siku ya kipimo, aone moyo ukidunda kwenye kioo. Wanaume wengi hubadilika hapo.

Vidonge vya jirani usiviguse. Mimba ya wiki 25 ukiichokoza kwa vidonge vya kificho unaweza kutokwa damu ukafa, ukamwacha yule wa miaka sita. Na unataka kuamua nini, wakati hata jina la kasoro hulijui? Dawa ya yule mzee nayo usinywe; hujui ina nini, na mtoto mwenye moyo wa mashaka si wa kujaribiwa. Wakikuombea dua, pokea kwa mikono miwili.

Akishazaliwa, kabla hujaruhusiwa, omba apimwe oksijeni kwa kile kifaa kidogo cha taa, mkono wa kulia na mguu mmoja. Kwa kawaida inatakiwa kuwa asilimia 95 au zaidi. Rangi yake usiiangalie kwenye ngozi, watoto wetu ngozi huficha. Angalia ulimi na fizi. Akinyonya kidogo tu anaacha, anahema, kichwa kimelowa jasho, au akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Akigeuka bluu kwa kilio, mlaze au mshike huku magoti umeyakunja mpaka kifuani mwake, mtulize, na uondoke naye kwenda hospitali.

Na hapa niseme kwa sauti, kwa wote wanaosoma. Mtoto asiyenyonya vizuri na anayekohoa, kwetu huwa anapelekwa kukatwa kimeo. Anakatwa kwa wembe au kisu, damu inamtoka, vidonda vinaingia wadudu, na moyo uliokuwa na shida unabaki vilevile. Nimechoka kusikia habari hizi. Kimeo hakikondeshi mtoto. Mtoto asiyenyonya asikilizwe kifua na daktari. Ndivyo ilivyo pia kwa hili neno degedege, linalobandikwa kila mtoto anayelegea na kugeuza macho, malaria iwe hapo, kifafa kiwe hapo, moyo uwe hapo.

Ndipo tunapofika kwa dada yako. Siwezi kusema mtoto wake aliugua nini, lakini mtoto anayekuwa bluu akilia na kulegea ni habari ambayo daktari wa moyo anataka kuisikia. Mweleze bingwa atakapokupima, na dada yako mpe pole yangu, maana amebeba jambo ambalo hakuna aliyemfafanulia. Si kwamba ukoo wenu umelaaniwa. Mtu akishazaa mtoto mmoja mwenye kasoro ya moyo, uwezekano wa anayefuata unapanda kidogo, mara nyingi hadi 2 mpaka 5 kati ya 100, maana yake wengi mno huzaliwa wazima. Kabla hajashika mimba apime sukari na aanze vidonge vya foliki asidi. Akishashika, aanze kliniki mapema, aseme habari ya mtoto wa kwanza, na ultrasaundi ya kuangalia viungo aipige kati ya wiki ya 18 na ya 22. Amuulize anayempima maneno haya: umeona vyumba vyote vinne vya moyo, na umeona mishipa miwili mikubwa ikipishana? Akijibiwa hapana, kwa sababu mtoto amelala vibaya au mashine haionyeshi, aombe tarehe ya kurudia au barua ya kwenda Mtwara, wiki hiyo hiyo.